Gitaa la babu: tazama chini ya pikapu kabla ya kuzing'oa

Katika nyumba nyingi lipo gitaa la umeme la zamani juu ya kabati. Lilikuwa la babu, au la mjomba aliyewahi kupiga kwenye bendi. Siku mtoto anapotaka kujifunza, fundi huweza kusema: "Pikapu hizi zimechoka, tuweke mpya. Hizi za zamani niachie tu."

Mzazi, hapo sita kidogo.

Pikapu hii si gari. Ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka, umeme mdogo huzaliwa kwenye waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Sauti ya gitaa hutegemea sana kifaa hiki, ndiyo maana baadhi ya pikapu kuukuu hutafutwa sana.

Zinazojulikana zaidi ni za kampuni ya Gibson, zilizotengenezwa Kalamazoo, Michigan, nchini Marekani. Mhandisi wao, Seth Lover, alibuni pikapu ya koili mbili zinazozima ule mvumo wa umeme. Aliomba hataza mwaka 1955 na kuipata 1959. Kuanzia mwaka 1957 hivi, pikapu hizo zilibandikwa chini kibandiko cheusi chenye maandishi ya dhahabu: PATENT APPLIED FOR, yaani hataza imeombwa. Moja tu ya aina hiyo, ikiwa halisi, huuzwa kwa maelfu ya dola.

Karibu mwaka 1962 kibandiko kilibadilika, kikawa na namba 2,737,842. Ajabu ni kwamba namba hiyo si ya pikapu, ni ya hataza ya mpiga gitaa Les Paul kuhusu kifaa cha kushikilia nyuzi. Ya Lover ni 2,896,491. Kwa hiyo ukikuta namba "isiyo yake", usikimbilie kusema ni bandia.

Wala usidhani ni za Marekani pekee. Magitaa ya bei nafuu ya Teisco kutoka Japani, ya miaka ya 1960, yalidharauliwa kwa muda mrefu. Mwanamuziki Ry Cooder alipoweka pikapu yao, ile yenye karatasi ya rangi ya dhahabu juu, kwenye gitaa lake, watu walianza kuzitafuta.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, piga picha gitaa zima, mbele na nyuma, pamoja na namba zote unazoziona.

Pili, legeza nyuzi, kisha fungua kwa bisibisi skrubu za fremu ya pikapu. Igeuze taratibu bila kuvuta waya, upige picha upande wa chini. Skrubu ni ndogo, ziweke mbali na watoto wadogo.

Tatu, usisugue kibandiko, usifungue kifuniko wala kuyeyusha lehemu. Lehemu ambayo haijaguswa ni sehemu ya ushahidi.

Nne, usiamini kibandiko peke yake, kwa kuwa vya kuiga vipo vingi. Fundi redio anaweza kupima ukinzani wa koili. Pikapu za Lover za enzi hizo nyingi husoma kati ya kiloomu 7 na 9. Kipimo hicho nacho hakitoshi. Ni lazima kilingane na waya, skrubu na umri wa gitaa lenyewe.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hata pikapu ikiwa ya kawaida, iliyokatika waya huweza kuzungushwa upya badala ya kutupwa.

Zaidi ya yote, waulize wazee wangali hai: gitaa lilinunuliwa wapi, mwaka gani, nani alilipiga? Andika majibu, yaweke pamoja na picha. Mnunuzi makini atayauliza hayo. Na msipoliuza, mtoto atajua anajifunzia chombo cha nani.