Ukaguzi wa kliniki za meno: nani analipa gharama ukanda wa dhahabu?

BEI ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja Oktoba 2025, wafanyabiashara wa Geita na Kahama hawakuhitaji kuelezwa kitakachofuata. Fedha ya machimboni huenda kwanza kwenye deni, kisha kwenye starehe, kisha kwenye pikipiki na mabati. Baadaye ndipo mchimbaji anapokumbuka jino lililomkosesha usingizi tangu masika. Analipa taslimu na hataki foleni. Huyo ndiye mteja wa kliniki ndogo ya meno, biashara ya vyumba viwili, kiti kimoja, kompresa na kibao barabarani.

Biashara hii si ya zamani. Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977 iliwafungia mlango watu binafsi wasitibu kwa faida, hadi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1991, enzi za ruksa, madaktari na madaktari wa meno wenye sifa wakaruhusiwa kufungua vituo vyao. Mlango ulipofunguliwa, waliingia wenye vyeti na wasio na vyeti. Hao wa pili mitaani wanaitwa vishoka. Kishoka hana kiti wala kompresa. Ana koleo, dawa ya ganzi ya kubahatisha na maneno mengi.

Mwenye kliniki halali hulalamika, na si bila sababu, kwamba wakaguzi hubisha hodi kwake tu kwa kuwa ana kibao. Timu ya afya ya halmashauri inataka usajili wa kituo. Baraza la Madaktari Tanganyika linataka leseni ya mtaalamu, chini ya sheria mpya ya 2017. Akiwa na eksrei, Tume ya Nguvu za Atomiki yenye makao Arusha inataka leseni ya mashine na kipimo cha mionzi wanayopata watumishi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inaangalia ganzi na vifaa, OSHA inaangalia mahali pa kazi, Zimamoto wanaangalia mtungi. Akitaka wagonjwa wa bima, kuna masharti ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya pia. Kilio hiki kilisikika: bajeti ya 2019/20 ilipendekeza kufuta au kupunguza tozo 54 zilizowabana wafanyabiashara wa sekta mbalimbali.

Hata hivyo, si haki kusema ukaguzi ni kero tupu. Serikali ilipopima vituo vya afya vya msingi kwa nyota mwaka 2015/16, zaidi ya theluthi moja havikupata hata nyota moja, na vilivyofika nyota tatu vilikuwa kama viwili katika kila mia. Kipimo kiliporudiwa 2017/18, visivyo na nyota vilishuka hadi takriban vinne katika kila mia. Ni wazi kuna vitu vilivyorekebishwa mara tu mtu alipokuja kuvitazama.

Anatazama nini katika kliniki ya meno? Msomaji atadhani ni ukuta uliopakwa rangi. Mkaguzi anayejua kazi yake huhesabu koleo.

Tuchukue mfano. Kliniki ina seti tatu za kung'olea na mashine moja ndogo ya mvuke ya kutakasia vifaa. Mvuke wa nyuzi 121 unahitaji dakika 15, lakini ukiongeza muda wa kuosha, kupasha moto, kukausha na kupoza, saa nzima imekwisha. Wagonjwa watatu kwa saa moja, kisha saa moja ya kungoja vifaa. Kwa siku ya saa nane, kituo hicho kinaweza kuhudumia kwa usalama watu 12. Sasa fungua daftari la wagonjwa, siku ya mnada: majina 30. Wale 18 waling'olewa kwa koleo gani? Swali hilo halihitaji maabara.

Jibu la kawaida ni kwamba vifaa vililowekwa kwenye dawa ya klorini. Klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10 humsaidia anayeosha vifaa asiambukizwe. Haiwi badala ya mvuke. Homa ya ini aina ya B haihitaji damu nyingi, tone lisiloonekana kwenye maungio ya koleo linatosha. Na anayepata hasara wa kwanza huenda akawa mtumishi mwenyewe, ndiyo maana huulizwa kama amechanja sindano zote tatu.

Kisha kuna daftari la mashine. Kila mzunguko uandikwe, na utepe unaobadilika rangi kwa joto ubandikwe. Hapa watu hujikamata wenyewe: daftari linaonyesha mizunguko mitano siku ambayo mtaa mzima haukuwa na umeme. Kumbe dawa yake ipo, ni mashine ya aina ya sufuria inayowekwa juu ya jiko la gesi. Seti tatu za ziada pia zingempunguzia mwenye kliniki msongo kuliko kiti kipya cha kupigia picha. Kwa maoni yetu, mtaji mwingi wa kliniki hizi unaingia mahali pasipostahili.

Dosari ya aina hiyo ipewe siku maalumu za kurekebishwa. Kufuli la papo hapo libaki kwa asiye na taaluma na kwa anayerudia sindano. Ukifunga kliniki pekee ya Nyarugusu au Kakola, jino haliachi kuuma. Siku hiyo hiyo mteja anakwenda kwa kishoka.

Kuna jambo jingine ambalo ukanda huu unalo kuliko sehemu nyingi, nalo ni zebaki. Ile madini ya fedha ya kuzibia meno karibu nusu yake ni zebaki, kitu kile kile kinachokamatia dhahabu kwenye makarasha ya Geita. Katika nchi mbalimbali zebaki iliyoagizwa kwa jina la meno imewahi kuishia machimboni. Hesabu yake nayo ni rahisi: kilo moja yatosha kuziba meno elfu moja hivi au zaidi. Kliniki ya kiti kimoja inayonunua kilo kadhaa kwa mwaka ina maelezo ya kutoa.

Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, Tanzania ikiwamo, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba madaktari wa meno wasitumie zebaki ya wazi ya kuchanganya wenyewe. Novemba 2025, mjini Geneva, zikaweka mwaka 2034 kuwa mwisho wa kuziba meno kwa madini hayo. Mwenye kliniki asihofu sana. Njia ya kusafisha jino kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji yenye floraidi, bila umeme wala zebaki, ilijaribiwa hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, kisha ikasambaa duniani.

Kinachobaki ni mabaki. Meno yaliyong'olewa yakiwa na zibo la zamani yasiingie kwenye mashine ya mvuke wala tanuri la taka, kwa sababu zebaki hugeuka hewa na kuvutwa na aliye karibu. Yahifadhiwe kwenye chupa yenye mfuniko, mbali na joto, na itajwe nani ataichukua na lini. Mkaguzi atakapofika, aombe kuonyeshwa chupa hiyo.