Mwogeleaji Aliyefunikwa na Tarzan

Tarehe 9 Julai 1922, huko Alameda, California, kijana wa miaka 18 aliogelea mita 100 za mtindo huru kwa sekunde 58.6. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuweka rekodi ya dunia ya chini ya dakika moja katika umbali huo. Kijana huyo ni Johnny Weissmuller. Mtaje leo, na wengi watakuuliza, "Yule Tarzan?" Ndiye. Lakini kumjua kwa Tarzan peke yake ni kumpunja.

Alizaliwa 2 Juni 1904 Freidorf, wakati huo ikiwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, leo imo Romania. Wazazi wake walihamia Marekani akiwa bado mchanga, wakafika Chicago. Huko alipita mikononi mwa kocha Bill Bachrach wa Illinois Athletic Club, mtu mkali asiyeridhika upesi. Weissmuller aliogelea kichwa na kifua vikiwa juu kuliko ilivyozoeleka, miguu ikipiga maji mfululizo.

Ili aiwakilishe Marekani kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, alijitambulisha kuwa mzaliwa wa Windber, Pennsylvania, kwa kutumia kumbukumbu za mdogo wake, Peter. Ulikuwa udanganyifu, na haufai kufichwa. Ila majini hakuna karatasi inayomsaidia mtu. Fainali ya mita 100 ilimkutanisha na Duke Kahanamoku wa Hawaii, bingwa wa 1912 na 1920, shujaa wa waogeleaji wa zama zile. Weissmuller alishinda kwa sekunde 59, Duke akachukua fedha, na Sam, mdogo wake Duke, akapata shaba. Aliondoka Paris na dhahabu tatu, pamoja na shaba ya mpira wa majini. Amsterdam, mwaka 1928, akaongeza dhahabu mbili.

Katikati ya michezo hiyo miwili, Julai 1927, mashua ya abiria ilipinduka Ziwa Michigan. Johnny na Peter walikuwa wakifanya mazoezi karibu. Walijitosa kuokoa watu, na wapo waliorudi nyumbani siku ile kwa sababu yao. Kwangu mimi, hilo linazidi medali zote.

Kisha ikaja Hollywood. *Tarzan the Ape Man* ilitoka mwaka 1932, na hadi 1948 alikuwa amecheza filamu 12 za Tarzan. "Afrika" yake kwa sehemu kubwa ilitengenezwa California, na tembo wa Kiasia wakabandikwa masikio makubwa ili wafanane na wa kwetu. Picha halisi za bara letu zilikuwa mabaki ya *Trader Horn*, filamu ya W. S. Van Dyke, aliyeongoza pia *Tarzan the Ape Man*, iliyopigwa Kenya, Uganda na Kongo. Waafrika ndani ya filamu hizo za Tarzan ni wapagazi wa kuanguka majabalini, au watu wa kuogopwa. Hadithi hizo zimetudhalilisha kwa miaka mingi, na umaarufu wa nyota wake haupunguzi ubaya huo.

Weissmuller alifariki Acapulco, Mexico, 20 Januari 1984. Msomaji, watoto wako wakizikuta filamu zile, waambie waziwazi kwamba Afrika ile ni ya kubuni. Kisha waonyeshe anavyokata maji mtoni, uwaambie kwamba pale haigizi.