Mgawo Unaohitaji Mabega ya Kijana

Unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta ya kula na chumvi: huo ndio mgawo unaotolewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, kwa kuhesabu watu walioandikwa kwenye kadi ya kaya. Kijana akishapokea, hujitwisha na kuondoka. Bibi wa miaka 75 anayeishi peke yake atafute kwanza wa kumbebea, na mara nyingi ujira wa mbebaji hutoka humo humo kwenye unga. Mwaka 2023 mgawo uliposhushwa hadi nusu, mtu wa namna hiyo alibaki na nini?

Akifika nyumbani, kuna suala la kuni. Maharage ya mtu mmoja hayaivi haraka kuliko ya watu sita. Jiko linataka moto uleule. Kuni za karibu zilikwisha zamani, na kutoka nje ya kambi bila kibali ni kosa kisheria. Kwa hiyo mzee hupika mara moja kwa siku, au huuza sehemu ya chakula apate kuni za kupikia kilichobaki. Kwenye takwimu za ugavi, huyu amepata haki yake sawa na wengine. Mimi sikubali kwamba huo ni usawa.

Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita. Aliyeingia akiwa na miaka 45 sasa amepita 70, na uzee wote umemkuta hapo. Miongoni mwa Warundi waliokuja kuanzia 2015, wamo waliokwisha kukimbia 1972, wakarejea kwao, wakakimbia tena. Wanapohimizwa kurudi, swali lao huwa ni shamba: nani analilima sasa, na mzee atawezaje kuendesha kesi ya ardhi akiwa hana mtoto wa kumshika mkono?

Wanachohitaji wazee hawa kinawezekana. Wapelekewe mgawo mlangoni pamoja na kuni au mkaa. Dawa za presha na sukari ziwafuate majumbani. Majirani wanaowatunza walipwe. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua kila aliyefikisha miaka 60 kuwa mzee anayestahili matunzo. Wahisani na serikali waanze kupanga bajeti ya kambi kwa kigezo hicho hicho.