Mawe ya Rubaya na Bisie kwenye nguo ya angani

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaoosha mchanga mtoni, leo sitaongea juu ya bei wala juu ya étiquettes. Naongea juu ya msanii wa Kinshasa anayeitwa Michel Ekeba. Anavaa nguo ya astronauta, ni kusema mtu anayepanda angani, kisha anatembea kwa miguu mu barabara za Kinshasa, kati ya mataksi, masoko na mavumbi. Jua likimpiga, mwili wote unang'aa.

Ile nguo haikutoka Marekani. Imetengenezwa kwa vibao vya elektroniki, nyaya na vipande vya mashine zilizokufa, vitu watu walivyotupa. Kundi lake linaitwa Kongo Astronauts. Alilianzisha mwaka 2013 pamoja na msanii Eléonore Hellio. Wanapiga picha, wanatengeneza video, na kazi yao imeonyeshwa mpaka Ulaya na Marekani.

Sasa mtauliza: hayo yanatuhusu nini, sisi watu wa Masisi na Walikale? Yanatuhusu sana. Angalia kile kibao cha kijani kilicho ndani ya simu au redio. Vipande vyake vimeshikishwa na bati, ile tunayochimba kwa jina la kasiterite. Bati inayeyuka kwa digri 232 tu, njo maana inafaa kwa kuunganisha. Kati ya vile vipande, vingine ni vidogo kama punje ya mchele: vinaweka umeme kidogo na kuutoa pale unapohitajika. Baadhi ya vile ni vya tantali, na tantali inatoka kwenye coltan. Hata satelaiti zinazozunguka juu ya vichwa vyetu zinabeba vipande vya tantali.

Rubaya peke yake inahesabiwa kutoa karibu 15 kwa 100 ya tantali ya dunia. Mgodi wa viwanda wa Bisie, kule Walikale, unatoa karibu 6 kwa 100 ya bati. Kwa hiyo mikono yetu imefika angani zamani, hata kama sisi wenyewe tunashuka paka chini.

Nchi yetu iliwahi kuona roketi za kweli. Mwaka 1977 na 1978, enzi ya Mobutu, kampuni ya Wajerumani OTRAG ilirusha roketi kutoka Shaba. Ya tatu ilianguka Juni 1978, Mobutu mwenyewe akitazama. Wageni walileta roketi yao, wakaondoka nayo. Astronauta wa Kinshasa yeye hana roketi. Anatembea chini, mahali watu wanaishi, na kila anayemwona anauliza ile nguo ni ya nini na imetoka wapi.

Hilo swali njo linanigusa. Hakuna mtu anayeweza kuonyesha kibao kimoja na kusema hiki ni cha shimo fulani la Rubaya. Mawe yakishachanganywa kiwandani, yanapoteza jina la kilima na jina la mtu aliyeyapandisha mgongoni. Simu inauzwa kwa jina la kampuni. Ikifa, inatupwa bila jina lolote. Sisi tunatajwa tu wakati kilima kimeporomoka na watu wamefunikwa, na hapo tena tunatajwa kama hesabu. Msanii huyu anachukua takataka ile na kuirudisha mbele ya macho ya watu, ikiwaka jua, imevaliwa na Mkongomani.

Najua wengine watasema: sanaa haileti mbao za kushikilia shimo, hairudishi waliokimbia vita nyumbani kwao. Ni kweli. Mambo hayo tutaendelea kuyadai kwa njia zetu: bei iliyo wazi, mashimo yenye mbao na hewa, malipo kwa jamaa la aliyekufa kazini. Lakini madai yanasikilizwa vizuri na mtu ambaye amekwisha kuona. Mtu aliyesimama mbele ya ile nguo, Kinshasa ao Ulaya, hawezi tena kusema simu yake ilianguka kutoka mbinguni.

Na neno moja kwa wazazi. Kuna vijana wetu wanaookota redio zilizokufa na taa za tochi, wanaziunganisha ziwake rangi rangi. Msiwapige kwa kusema wanacheza. Goma, Yole!Africa imefundisha vijana wengi sinema na sanaa. Kinshasa kuna Académie des Beaux-Arts, iliyoanza mwaka 1943 kama shule ya Saint-Luc. Mnachopaswa kukataza ni kuchoma nyaya na kupasua betri, juu moshi wake ni sumu, na vibao vya zamani vina risasi ndani ya bati.

Mtoto akikuuliza kazi yako inaendaga wapi, tafuta redio ao kompyuta iliyokufa, toa betri, fungua. Mwonyeshe kile kipande kidogo, mara nyingi cha njano ao cheusi, chenye mstari upande mmoja. Mwambie: hii ni coltan, na baba yako anajua uzito wake kabla haijakuwa ndogo hivi.