Ndege za Vita Mikononi mwa Raia

Mtu wa Vwawa akiambiwa kwamba raia aweza kununua ndege ya vita na kuirusha mwenyewe, huenda akadhani ni hadithi. Lakini ni kweli. Mwaka 1971 jeshi la Kenya lilipata jeti 6 za Strikemaster zilizoundwa Uingereza, ndege ndogo za watu wawili waketio bega kwa bega, ziwezazo kuruka hata katika kiwanja kisicho na lami. Mwaka 1988 baadhi yake ziliuzwa Botswana. Jeshi la huko nalo lilipoziacha, hazikuwa chuma chakavu. Ndege za namna hiyo zimepata wanunuzi huko Uingereza, watu wenye mali wazirushao kwa kujifurahisha.

Kununua ni jambo dogo, taabu ni kuitunza. Lori kuukuu linunuliwalo Tunduma leo, kesho hubeba mahindi na kumrudishia mwenyewe fedha yake. Jeti haibebi kitu, nayo hunywa mafuta kama mchanga unywavyo maji. Tena kuna kiti cha rubani. Ndani yake mna baruti, ili hatari ikitokea kimrushe nje pamoja na mwavuli wake. Baruti hiyo huzeeka, sharti ibadilishwe kwa wakati wake, na mafundi waijuao kazi hiyo ni wachache. Mwaka 2009, katika maonyesho huko Afrika Kusini, jeti ya Lightning ya kampuni ya raia iliharibika angani. Rubani akajaribu kujiokoa kwa kiti hicho, asiweze, akafa.

Wako wasemao: mali ni yake, na roho ni yake. Mimi sikubali. Tarehe 22 Agosti 2015, huko Shoreham, Uingereza, jeti ya Hunter iliyoundwa mwaka 1955, ambayo haikuwa tena ya jeshi, ilipinduka angani mbele ya watazamaji, ikashuka chini mno, ikaangukia barabara kuu. Wakafa watu 11, na wengine wao walikuwa wapita njia tu. Rubani alipona. Kimondo cha Ndolezi, hapa kwetu Mbozi, kilianguka pasipo mtu kukituma. Ndege ina mwenyewe.

Baada ya msiba huo wasimamizi wa usafiri wa anga wa Uingereza walikataza jeti kuukuu zisipinduke wala kucheza juu ya nchi kavu katika maonyesho. Ziliruhusiwa kupita tu.