Mkanda wa Jeshi: Maana ya Jina na Kwa Nini Usichelewe Kutibiwa

Upele wenye malengelenge na maumivu makali, unaojipanga upande mmoja wa kifua, mgongo au uso, wengi wetu tunauita mkanda wa jeshi. Daktari huuandika "herpes zoster". Maneno hayo yana asili ya Kigiriki. La kwanza latokana na kitenzi chenye maana ya kutambaa. La pili ni mshipi, kama ule waliovaa askari kiunoni. Kumbe jina la daktari na letu yanakaribiana sana.

Virusi vyake ndivyo vinavyoleta tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, virusi haviondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, pengine kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua kwa sababu ya umri mkubwa, VVU au matibabu ya saratani, virusi huamka na kufuata mshipa hadi kwenye ngozi.

Kila mshipa huhudumia upande mmoja wa mwili. Ndiyo maana kwa kawaida upele huishia katikati. Wapo wanaoamini kwamba ncha za mkanda zikikutana mgonjwa hufa. Hiyo si kweli. Wala si uchawi, na si thibitisho la VVU, ingawa ni vyema kupimwa.

Hatari iko katika kuchelewa. Dawa za kupunguza makali ya virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utokee. Maumivu yanaweza kubaki kwa miezi kadhaa baada ya ngozi kupona, hasa kwa wazee.

Wakazi wanashauriwa:

• Ukihisi mwasho, kuchomwa au maumivu upande mmoja, kisha upele utokee, nenda kituo cha afya mara moja.
• Upele ukiwa karibu na jicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Unaweza kuharibu uwezo wa kuona.
• Usipasue malengelenge wala kuyapaka majivu au dawa usiyoijua.
• Funika upele na unawe mikono. Hadi malengelenge yakauke, usikaribiane na wajawazito, watoto wachanga na wenye kinga dhaifu. Asiyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kuipata kutoka kwako.