Akaunti za Watumiaji katika Kompyuta ya Pamoja: Maelezo kwa Mtafiti wa Lugha Taita Taveta

1.0 Utangulizi

Kaunti ya Taita Taveta ni hazina ya lugha. Kidawida huzungumzwa katika milima ya Taita, Kisaghala katika mlima wa Sagala ulio karibu na mji wa Voi, na Kitaveta upande wa Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Kiswahili nacho kimekuwa kiungo cha wenyeji na wageni wanaokutana Voi, mji ulio katika barabara kuu na reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda nyanjani huko hurejea na rekodi za ngano, methali, nyimbo na mahojiano. Sauti hizo hupewa kwa imani: fanani amemruhusu mtafiti azisikilize, wala hakumruhusu kila mpita njia.

Hata hivyo, mara nyingi kazi hiyo huhifadhiwa katika kompyuta ya pamoja, iwe ya idara, ya maktaba au ya shule anakofundisha mtafiti. Watu kumi huingia kwa jina moja na nywila moja, na faili la mmoja huonekana, hubadilishwa au hufutwa na mwingine. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi akaunti za watumiaji zinavyosimamiwa katika kompyuta inayotumia Linux nyepesi. Hoja yetu ya msingi ni kwamba akaunti si kufuli tu. Ni utaratibu wa kubainisha kazi ni ya nani na nani ameruhusiwa kuifikia. Kwa mtafiti, suala hilo ni la kimaadili kabla ya kuwa la kiufundi.

2.0 Linux Nyepesi na Kiswahili

Linux ni mfumo endeshi ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Ni programu huria: yeyote anaweza kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza bila kununua leseni. Juu ya mfumo huo huwekwa eneokazi, yaani madirisha, menyu na vitufe ambavyo mtumiaji huviona kwenye skrini. Yapo maeneokazi mazito yanayohitaji kompyuta mpya, na yapo mepesi kama Xfce, LXDE na LXQt, ambayo hutumia kumbukumbu kidogo. Lubuntu, kwa mfano, ilitumia LXDE hadi mwaka 2018 ilipohamia LXQt.

Wepesi huo una manufaa katika mazingira yetu. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP mwaka 2014, kisha ikakoma kutoa huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 2025. Kompyuta nyingi zisizokidhi masharti ya Windows 11 bado ni nzima, na zinaweza kuendelea kufanya kazi zikiwekewa Linux nyepesi.

Aidha, uhusiano wa Linux na Kiswahili si mgeni. Mradi wa Kilinux, uliotokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mradi huo ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba dhana za kompyuta. Makala haya yanafuata njia hiyo.

3.0 Akaunti ni Nini?

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Akaunti ni ukurasa wa mtu katika daftari la kompyuta. Daftari lenyewe ni faili liitwalo /etc/passwd, ambamo kila mtumiaji ana mstari mmoja. Mstari huo hutaja jina lake la kuingilia, namba yake na folda yake ya nyumbani. Licha ya jina la faili hilo, nywila hazihifadhiwi humo siku hizi. Huwekwa katika faili jingine, /etc/shadow, zikiwa zimegeuzwa kuwa mfuatano wa herufi usiofichua nywila yenyewe, na watumiaji wa kawaida hawaruhusiwi kulisoma.

Watumiaji ni wa aina mbili. Kwanza, yupo msimamizi mkuu aitwaye root, mwenye namba 0, ambaye hazuiwi na ruhusa za mafaili. Pili, wapo watumiaji wa kawaida, ambao katika Ubuntu na jamaa zake namba zao huanzia 1000. Kila mmoja hupewa folda ndani ya /home, mfano wa chumba chake katika nyumba ya pamoja. Sebule ni ya wote, lakini mtu haingii chumbani mwa mwenzake bila hodi.

4.0 Kufungua Akaunti na Kugawa Mamlaka

Katika Lubuntu, mtu anayetajwa wakati mfumo unapowekwa huwa msimamizi. Yeye hutumia neno sudo kabla ya amri ili atekeleze kazi za root, baada ya kuthibitisha nywila yake mwenyewe. Tuchukulie kwamba anataka kumfungulia akaunti mtafiti wa ngano za Sagala. Huandika hivi katika dirisha la amri:

sudo adduser mtafiti1

Kompyuta humtaka aweke nywila ya mtumiaji huyo na kuirudia. Herufi zinazochapwa hazionekani kwenye skrini. Hiyo si hitilafu bali ni tahadhari dhidi ya macho ya jirani. Baadaye mtafiti mwenyewe huingia na kuibadili kwa amri ya passwd. Asiyependa kuandika amri anaweza kutumia dirisha la watumiaji na vikundi katika menyu ya mipangilio.

Hapa pana kanuni muhimu: mamlaka ya usimamizi yasigawiwe kwa wote. Mwanafunzi haihitaji sudo ili aandike tasnifu au asikilize rekodi. Wasimamizi wawili wanaoaminika, mathalani fundi na mhadhiri mmoja, wanatosha. Vilevile, mpangilio wa kompyuta kuingia yenyewe bila kuuliza nywila uzimwe, kwa kuwa humfanya kila anayeiwasha awe mtu mmoja.

5.0 Ruhusa na Vikundi

Kila faili lina mmiliki na kikundi, na waliosalia huitwa wengine. Kila upande huweza kupewa ruhusa tatu: kusoma, yenye thamani ya 4; kuandika, yenye 2; na kutekeleza, yenye 1. Kwa upande wa folda, ruhusa ya kutekeleza ina maana ya kupita na kuingia ndani. Thamani hizo hujumlishwa. Hivyo 750 inamaanisha kwamba mmiliki ana ruhusa zote, kikundi husoma na kuingia, na wengine hawana ruhusa yoyote.

Mtafiti asidhani kwamba folda yake imefichwa tangu mwanzo. Kabla ya Ubuntu 21.04, iliyotoka mwaka 2021, folda za nyumbani zilifunguliwa kwa ruhusa ya 755, iliyowawezesha watumiaji wengine kusoma. Tangu toleo hilo, folda mpya hupewa 750. Kwa kuwa kila mtumiaji huundiwa kikundi chake binafsi, folda hizo mpya hubaki za mwenyewe. Kwenye mfumo wa zamani, msimamizi huandika:

sudo chmod 750 /home/mtafiti1

Je, watafiti wawili wanaonukuu rekodi zilezile wafanyeje? Dawa yake si kupeana nywila, bali ni kuunda kikundi na folda ya pamoja:

sudo addgroup ngano
sudo adduser mtafiti1 ngano
sudo adduser mtafiti2 ngano
sudo mkdir /home/ngano
sudo chgrp ngano /home/ngano
sudo chmod 2770 /home/ngano

Tarakimu 2 ya mwanzo huhakikisha kwamba kila faili jipya linaloundwa humo linakuwa la kikundi hicho. Wahusika hawana budi kutoka na kuingia upya ili uanachama wao utambuliwe.

6.0 Mtafiti Anapoondoka

Wanafunzi huhitimu, lakini akaunti zao hubaki. Amri ya sudo passwd -l mtafiti1 huifunga nywila yake bila kugusa mafaili, nayo hufaa akiwa amesafiri kwa muda. Amri ya sudo deluser mtafiti1 huondoa akaunti lakini huiacha folda ya nyumbani. Ikiongezewa --remove-home, folda nayo hufutwa pamoja na rekodi zote. Kwa hiyo kabla ya kuitumia, ni sharti nakala iwekwe mahali pengine na mwenye kazi akubali. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haiwezi kurekodiwa tena.

7.0 Mipaka ya Ulinzi Huu

Akaunti hazikingi kila jambo. Msimamizi anaweza kusoma mafaili ya wote, na mwizi akiichomoa diski na kuifungua katika kompyuta nyingine, ruhusa hizi hazitamzuia. Rekodi nyeti huhitaji diski iliyofumbwa kwa nywila wakati mfumo unapowekwa, na nakala rudufu iliyo nje ya kompyuta hiyo. Kwa upande wa sheria, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 31, inatambua haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamdai anayehifadhi taarifa za watu azilinde.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kompyuta kuukuu yenye Linux nyepesi inaweza kuhudumia watafiti wengi bila kuchanganya kazi zao, mradi kila mmoja awe na akaunti yake, mamlaka yagawiwe kwa uangalifu, na ushirikiano upitie katika vikundi badala ya nywila ya pamoja. Tunapendekeza mafunzo haya yaingizwe katika kozi za mbinu za utafiti kabla ya wanafunzi kwenda nyanjani. Fomu ya idhini ambayo fanani ameitia sahihi haina uzito iwapo sauti yake itaachwa wazi kwa kila anayeketi mbele ya kompyuta.